Hatazami Pembeni

Klipu ilifika Garsen kabla ya kombe lenyewe. Fardosa ndiye aliyeifungua kwenye simu yake, pale sokoni ambapo yeye na Abdia huuza maziwa chini ya paa la mabati, madumu yakiwa yamepangwa miguuni mwao. Ndani ya klipu, kijana mrefu mwenye kofia nyeupe alikuwa ameinama juu ya mpira mdogo, watu wamemzunguka kila upande. Mtu mmoja alipita karibu naye na mwavuli mwekundu. Mpiga picha akapiga goti ubavuni mwake. Kijana hakutikisika hata kidogo. Aliusukuma mpira taratibu, ukabingirika, ukatumbukia shimoni, na umati ukapiga kelele.

"Mwanao huyo, Abdia!" Fardosa alisema. "Guracha wetu, kwenye uwanja wa Kampala!"

Sauti ya mtangazaji ilisikika juu ya kelele. "Tazameni utulivu huo! Ana miaka kumi na minane na hatazami pembeni. Mwavuli umepita, yeye hana habari. Kwake kuna mpira na bendera, basi. Dunia iliyobaki haipo."

Abdia alikuwa akipima maziwa. Kikombe kilibaki hewani.

"Irudishe," alisema.

Fardosa akairudisha. Abdia hakumtazama mwanawe wala ule mpira, bali mwavuli. Ulipita karibu na bega lake kiasi cha kumgusa, na uso wake haukuonyesha kwamba kuna kitu kimepita. Machozi yakamtoka Abdia, na wanawake waliokuwa pale wakamshika mikono wakimpongeza. Mama wa bingwa analia kwa furaha, walisema. Yeye akaitikia kwa kichwa.

Katika ukoo wa mama yake Abdia, kulikuwa na wanaume waliopofuka. Hawakupofuka wote, wala hawakupofuka kwa siku moja. Mjomba wa Abdia alikuwa mmoja wao. Kisha ikamfika Liban, kaka yake Abdia, ambaye alikuwa mchungaji hodari wa ng'ombe katika nyanda za Tana tangu utotoni. Kwa Liban ilianza wakati wa maghrib. Jua likizama, alijikwaa kwenye visiki ambavyo wenzake waliviruka. Baadaye akaanza kugongana na ng'ombe mchana, ng'ombe wa ubavuni ambaye hakumwona, ilhali aliweza kumtambua ndama aliye mbali mbele yake. Watu walicheka. Walisema Liban ana mawazo, Liban amependa. Alipofika umri wa miaka thelathini na kitu, dunia yake ilikuwa imesinyaa ikawa kama tundu la sindano, kisha tundu nalo likazibika. Wanawake wa ukoo huo hawakuwahi kupatwa. Nyumbani ugonjwa huo haukuwa na jina, na ndiyo maana ilikuwa rahisi kutoutaja.

Guracha hakukulia machoni pa mama yake. Alipokuwa mdogo, ukame ulimaliza ng'ombe wa baba yake, Jarso, na Jarso akaenda kutafuta kazi upande wa Kilifi. Aliipata kwenye klabu ya gofu, kazi ya kulinda lango. Akamchukua Guracha asome huko, na Abdia akabaki Garsen na mabinti na mifugo michache iliyosalia. Jioni, Guracha alikuwa akimsubiri baba yake amalize zamu ili warudi nyumbani pamoja, na njia nzima alishika shati lake. Jarso alidhani mtoto anaogopa fisi. Alifurahi tu kwamba mwanawe anampenda.

Kule klabuni kulikuwa na mwalimu wa mchezo aliyeitwa Gona, mtu mnene, mwepesi wa hasira na mwepesi wa kucheka. Alimwona Guracha akipiga vifuu vya nazi kwa fimbo nyuma ya kibanda cha lango. Vilikuwa vikienda moja kwa moja. Alimpa fimbo ya gofu iliyokatwa ikawa fupi, akampa na mipira iliyochakaa, akamwonyesha namna ya kusimama. Baada ya muda mfupi Gona aliacha kucheka. Alikuwa amefundisha watoto wa matajiri kwa miaka mingi, na hakuwa amepata hata mmoja aliyeweza kuutazama mpira jinsi Guracha alivyoutazama.

"Wengine wanasikia ndege akilia wanageuka," alimwambia Jarso. "Huyu wako hata nikipita kando yake na trekta hageuki."

Guracha akiwa na miaka kumi na minne alikuwa akiwashinda watu wazima wa klabu. Akiwa na kumi na sita alishinda mashindano ya pwani ya wachezaji wa ridhaa. Akiwa na kumi na saba alitia saini kuwa mchezaji wa kulipwa, mdogo kuliko wote waliokuwa kwenye mzunguko wa mashindano wa mwaka ule, na mwaka uliofuata akashinda Kampala. Kila alikocheza magazeti yalirudia neno lilelile la mtangazaji. Hatazami pembeni. Kampuni ya vifaa vya michezo ilichapisha maneno hayo kwenye fulana, na fulana zikafika hadi Hola, zikivaliwa na vijana wa bodaboda ambao hawajawahi kuona uwanja wa gofu.

Aliyekaa karibu naye kuliko wote alikuwa Randu, kijana wa Kigiriama aliyembebea mfuko wa fimbo. Kazi ya mbeba fimbo ni kumshauri mchezaji na kufuata mpira kwa macho. Randu alifanya hayo na mengine. Alimtajia Guracha ngazi kabla hawajazifikia. Alitembea daima upande wake wa kushoto, akimgusa kiwiko penye kamba au shimo la mchanga. Alianza kufanya hivyo bila kuulizwa, jinsi mtu anavyozoea mwendo wa rafiki yake, na ilichukua muda kabla hajajiuliza kwa nini anafanya.

Mwaka mmoja baada ya Kampala, Guracha alikuja Garsen kuwasalimia. Alikuwa amemjengea mama yake nyumba ya mawe, na ng'ombe walikuwa wamerudi bomani. Mvua zilikuwa zimenyesha milimani mbali, na mto Tana ulikuwa ukipanda. Maji mekundu yalishaingia mashamba ya kijiji cha Wema, na watu walikuwa wakihamisha mahindi yao juu ya barabara. Hata hivyo nyumba ilijaa wageni. Walikula nyama, wakamwuliza kuhusu ndege na hoteli, naye akajibu kwa upole, akimgeuzia kichwa kizima kila aliyesema.

Abdia aliona jinsi anavyogeuza kichwa. Alijishughulisha na vyombo.

Jua lilipozama wageni wakaenda kuswali. Guracha aliinuka kuchukua maji ya kutawadha. Dumu lilikuwa palepale uani, jeupe, mbele ya mlango. Alilipiga teke likaanguka, maji yakamwagika, naye akasimama ameshika ukuta.

Liban alikuwa ameketi kwenye mkeka karibu na mlango, ambako huketi kila jioni. Aligeuza sikio.

"Nani ameangusha dumu?"

"Mimi, mjomba," Guracha alisema. "Samahani. Sikuliona."

Liban aligeuza uso upande ilikotoka sauti.

"Jua limeshazama?"

"Limezama."

"Kuna giza kabisa?"

Kwa Guracha lilikuwepo. Kwa wengine haikuwa giza. Watoto walikuwa bado wakicheza uani, wakirushiana ndala, na mbuzi mweusi alionekana hadi kwenye ua wa miti ya miiba ya mathenge. Abdia alitoka jikoni akasimama kati ya kaka yake na mwanawe.

"Kaka, mwache akaswali," alisema.

"Sijamzuia," Liban alisema. "Nimeuliza kama kuna giza."

Asubuhi yake, Guracha alienda kuketi kwenye mkeka wa mjomba wake. Waliongea kwa Kiorma, kwa sauti ya chini, na Abdia alikuwa akiwasikia kupitia dirishani wala hakuingia. Liban alimweleza yote, visiki, ng'ombe wa ubavuni, na jinsi alivyoamini kwa miaka mingi kwamba watu wote huona vile, ila wenzake ni wepesi zaidi wa miguu.

"Mjomba, ilikuchukua muda gani?"

"Mimi sikuhesabu. Nilikuwa nikisema mwakani nitapata nafuu."

Guracha akaenda jikoni kwa mama yake. "Ulijua?"

"Nilimwomba Mungu nisijue," Abdia alisema. "Nilipoona ule mwavuli nikajua. Nikasema, akicheza ana furaha. Nikimwambia, nitampa nini badala yake?"

Guracha hakumgombeza. Alisimama pale akimtazama usoni tu, kwa kuwa mikono ya mama yake iliyokuwa ikikunjana tumboni haikuwa ndani ya kile anachoweza kuona.

Daktari wa macho aliyemwona Mombasa alimfanyia vipimo asubuhi nzima, taa ndogo zikiwaka pembeni naye akitakiwa kubonyeza kitufe kila akiona moja. Mara nyingi alikaa na kitufe mkononi, akingoja taa ambazo kumbe zilishawaka na kuzimika. Daktari alimweleza kwamba ni ugonjwa wa kurithi, hauna dawa, na unakula uwezo wa kuona kuanzia kingo kuelekea katikati.

"Katikati yako bado ni safi sana," alisema. "Ndiyo maana hukujua."

"Ndiyo maana nimeshinda," Guracha alisema.

Daktari hakucheka. "Usiendeshe gari. Usitembee peke yako jioni. Na ningekuwa wewe, ningewaambia unaocheza nao. Mpira wa gofu ni jiwe."

Alimwambia Randu tu. Gona hakuambiwa, wala waandaaji, wala kampuni ya fulana. Akaanza kucheza kama mtu anayefukuzwa. Lusaka, Kigali, Arusha, kurudi Nairobi, kila mashindano yaliyofunguliwa alijiandikisha, na mengi alishinda au alikaribia kushinda. Gona alimwonya kwamba anachosha mwili, kwamba ana miaka thelathini mbele yake.

"Sina, mwalimu," Guracha alisema.

Gona alidhani ni maneno ya vijana.

Katika miaka miwili iliyofuata Randu alikonda. Kila mara Guracha alipoinua fimbo, Randu alitazama kushoto, kulia, kisha kushoto tena, kwa ajili ya macho mawili yasiyo yake. Alimsihi acheze asubuhi tu. Alimsihi aseme. Guracha alimjibu kila mara kwamba atasema baada ya shindano linalofuata.

Lililofuata lilikuwa kwenye klabu moja nje ya Nairobi, na siku ya mwisho mvua ilisimamisha mchezo mchana kutwa. Ilipokatika, waandaaji waliamua wamalizie siku ileile, kwa kuwa wadhamini walishafika na hema la chakula lilikuwa tayari. Guracha alikuwa akiongoza kwa pigo moja. Walipofika shimo la mwisho, mawingu yalikuwa yamefunga na taa za jengo la klabu zilikuwa zimewashwa.

"Unaona nini?" Randu alimnong'oneza.

"Bendera."

"Na nini kingine?"

"Bendera inatosha."

"Omba isimamishwe. Una haki ya kuomba. Mwambie refa giza limeingia, tumalizie kesho."

"Nikiomba wataniuliza kwa nini mimi tu ndiye ninayeona giza."

Randu alitazama kushoto, kulia. Kushoto, kando ya miti, kulikuwa na wasimamizi wa kujitolea wakiwazuia watazamaji kwa kamba. Mmoja wao, msichana wa chuo aliyeitwa Nuriya, alikuwa ameona mtoto amepita chini ya kamba. Alitoka kumfuata akiwa amenyoosha mkono juu, akipunga, kuomba mchezaji asubiri. Randu alimwona alipogeuza kichwa kurudi kushoto. Wakati huo fimbo ya Guracha ilikuwa tayari juu.

"Guracha, ngoja!"

Fimbo ilishashuka. Mkono uliposikia sauti ulisita katikati ya pigo, mpira ukachomoka kushoto, chini, kwa kasi. Sauti yake ulipompiga Nuriya kichwani juu ya sikio haikuwa kubwa. Wengi walidhani umegonga mti.

Guracha alibaki ameinua uso kuelekea bendera, akingoja kuuona mpira ukishuka. Alingoja huku watu wakikimbia kumpita pande zote mbili. Picha iliyosambaa ilikuwa hiyo: msichana ameanguka majanini, watu wamemzunguka, na bingwa amesimama wima akitazama mbali, kama kwamba halimhusu.

Usiku ule nchi nzima ilimtukana. Maneno yaliyokuwa sifa yakageuka. Hatazami pembeni, waliandika, hata akiua mtu.

Nuriya hakufa. Alilala wodini bila fahamu, akazinduka, na alipozinduka sikio la upande ule halikusikia tena. Guracha alikwenda kumwona hospitalini mara tu alipokubali wageni. Randu alimwongoza hadi mlangoni, akabaki nje. Mama yake Nuriya alikuwa ameketi kando ya kitanda na hakumpa mkono.

"Nilikupungia," Nuriya alisema. Alikuwa na bendeji, na aliongea polepole. "Ulikuwa umegeukia upande wetu kabla ya kupiga. Nilidhani umeniona."

"Sikukuona."

"Kila mtu aliniona."

"Mimi siwezi kuona pembeni. Ni ugonjwa. Naona mbele tu, sehemu ndogo, na jioni sioni karibu chochote."

Mama yake Nuriya aliinua uso. Ila Nuriya ndiye aliyeuliza.

"Umejua lini?"

"Zamani. Daktari alinionya."

"Kwa hiyo ulijua siku ile, ulipokuwa unainua ile fimbo."

"Nilijua."

Alikuwa amekuja na maneno ya kuomba msamaha, ameyafikiria njia nzima. Aliyasema. Nuriya aliyasikiliza kwa sikio lililobaki, kisha akageukia ukutani.

"Nenda ukawaambie na watu wengine," alisema. "Usiniachie mimi siri yako."

Alikwenda. Siku chache baadaye aliketi mbele ya waandishi wa habari, Gona kulia kwake, akaeleza yote bila kulaumu mvua wala waandaaji. Gona alilia waziwazi. Kampuni ya fulana ilivunja mkataba. Guracha alikuwa na miaka ishirini na mmoja, na mchezo wake ulikuwa umekwisha. Kuna waliomhurumia na kuna waliosema huruma hairudishi sikio la mtu. Yeye alisema hao wa pili ndio wenye haki. Kila baada ya miezi kadhaa alimpigia Nuriya simu. Mara nyingine Nuriya alipokea, mara nyingine hakupokea.

Alirudi Garsen. Yeye na Fardosa walifungua chumba cha kupozea maziwa, wakawa wanayakusanya kutoka kwa wafugaji na kuyapeleka Malindi. Kazi zake zote alizifanya mchana. Kila mwaka alikwenda kupimwa, na kila mwaka daktari alimchorea duara dogo kuliko la mwaka uliopita.

Alipotaka kumwoa Kadra, mwalimu wa shule ya msingi, alikwenda kwanza kwa baba yake Kadra akamweleza kwamba binti yake ataolewa na mtu atakayekuwa kipofu. Kadra alikuwa akisikiliza nyuma ya pazia, akatoka bila kuitwa. Alisema huyo ni mtu wa kwanza kuja kuposa akitangaza kasoro yake, na wengine walioficha zao hajui angezigundua lini. Wakaoana.

Kabla hawajapata mtoto walikwenda pamoja kwa daktari, na daktari akawaeleza kitu ambacho Guracha hakuwahi kukiuliza. Wanawe wa kiume, kama wangekuja, wangekuwa salama. Ila kila binti atakayemzaa ataubeba ugonjwa ndani yake. Huenda yeye asiumwe sana, au asiumwe kabisa, lakini watoto wake wa kiume wanaweza kuupata.

Mtoto alizaliwa Hola wakati wa mvua za vuli, na alikuwa wa kike. Barabara ya Garsen ilikuwa ikianza kumezwa na maji, kwa hiyo walirudi haraka, kabla haijafungwa. Nyumba ikajaa wanawake. Walimpitisha mtoto mkono kwa mkono, wakamsifu vidole virefu, wakasema huyu atashika fimbo kama baba yake. Abdia peke yake alikaa mlangoni, hajamchukua bado.

Wageni walipopungua Guracha alimwendea, mtoto mikononi.

"Mama, mshike."

"Nimempa mimi," Abdia alisema kwa sauti ya chini. "Nilikupa wewe, na wewe umempa."

"Ulipewa na bibi, na bibi hakuulizwa. Mshike."

Abdia akampokea. Mtoto alikuwa amefumba macho, amekunja ngumi.

"Mtamwambia?" Abdia aliuliza.

"Nitamwambia akiwa mdogo, kabla hajaanza kujipangia maisha. Kama siku hiyo nitakuwa sioni, nitamwambia vilevile."

Nje, vijana walikuwa wakipiga kelele kwamba maji yamefika kwenye ua wa mathenge na ng'ombe wahamishwe mara moja. Kadra alitoka chumbani akitafuta viatu. Guracha alimwomba mama yake abaki na mtoto ndani, akamshika mkewe begani, wakatoka pamoja kuelekea bomani kungali na mwanga.